Vidole Gumba Sitini na Vitatu

Saa nne asubuhi Inspekta alikuwa amesimama mbele ya dirisha la huduma za wazee la mtaa, na goti lake la kushoto lilikuwa limeshaanza kumsumbua. Foleni ya kusimama haikuwepo. Kulikuwa na benchi refu, na juu yake wazee kumi na wanne waliojipanga wenyewe, kila mmoja akijua yuko nyuma ya nani, na ole wake atakayejaribu kuruka. Dirisha lilikuwa limekatwa chini, usawa wa mtu aliyekaa, ili mzee apimwe presha na kupewa dawa zake bila kusimama. Baraza la wazee la mtaa lilikuwa limelipigania kwa miaka miwili. Leo, saa tisa alasiri, Kamati ya Huduma za Jamii ingekaa kulifunga.

Tena ingelifunga kwa ridhaa ya wazee wenyewe. Ndivyo lilivyosema faili lililokuwa kwapani mwa Inspekta. Ndani yake kulikuwa na barua ya ukurasa mmoja, yenye sahihi na muhuri wa katibu wa baraza, ikisema wazee wa mtaa wanakubali huduma zao zote zihamie Kituo Kikuu, upande wa pili wa mji, mwendo wa kupanda magari mawili. Nyuma ya barua kulikuwa na fomu sitini na tatu za maoni, kila moja na jina la mzee na alama ya kidole gumba cha kushoto kwa wino wa zambarau.

Shida ni kwamba juzi wazee watatu walikwenda kituo cha polisi wakasema hawakuweka kidole chao popote. Aliyewatangulia alikuwa Mzee Nyapara, msimamizi wa zamu wa zamani katika kiwanda cha vigae na chokaa, ambaye mpaka leo aliongea kwa sauti ya mtu anayeshindana na mashine. Mkuu wa kituo aliwasikiliza, akawapa maji ya kunywa, kisha akamvuta Inspekta pembeni. "Wazee wanasahau," akasema. "Kaandike ripoti fupi, yaishe."

Inspekta hakupenda ripoti fupi. Zaidi ya hapo, hakuamini kwamba watu watatu wanaweza kusahau kitu kilekile kwa siku moja.

Alianza na karani wa dirisha, kwa sababu karani alikuwa na kila kitu. Alikuwa na orodha ya majina, namba za kadi, na kibweta cha wino wa zambarau mezani. Koplo, msaidizi wa Inspekta, alichovya kidole kwenye wino, akakigandamiza kwenye daftari lake, akalinganisha na fomu.

"Ni huohuo, afande," akasema. Koplo alikuwa ameitwa kutoka likizoni asubuhi hiyo bila hata kupewa nafasi ya kubadili nguo, na alikuwa amevaa shati la maua makubwa mekundu.

"Wino wa ofisi zote ni huo," karani akajitetea. "Hata cheti changu cha ndoa kina huo. Nacho mtakichunguza?"

"Tukikihitaji tutakiomba," Inspekta akamjibu. "Orodha ya wazee wote wa mtaa anayo nani?"

"Mimi. Na Mama Katibu ana nakala kabatini kwake. Na Mratibu."

"Mratibu yupi?"

"Wa shirika la kutetea wazee. Anayetokea redioni. Ndiye aliyeandika hiyo sera mpya ya Kituo Kikuu."

"Na dirisha likifungwa, wewe unakwenda wapi?"

Karani alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha. "Kituo Kikuu. Nimeshaandikiwa barua. Nitakuwa mkuu wa mapokezi."

Koplo alimtupia Inspekta jicho. Inspekta aliandika bila haraka, na alimwacha karani aone anaandika. Mtu mwenye wino, mwenye majina, na mwenye cheo kinachomsubiri ng'ambo. Kesi nyingi alizowahi kufunga zilikuwa na ushahidi mdogo kuliko huo.

"Anayefuata!" karani aliita, labda ili apate pa kuficha uso. Bibi mmoja mwembamba alijisogeza kwenye benchi mpaka dirishani, akanyoosha mkono wa kushoto. Vidole vyote vilikuwa vimekunjwa isipokuwa cha pete. Karani alikishika hicho, akakichovya, akakigandamiza kwenye rejista, akampa dawa zake. Bibi akafuta kidole kwenye kitambaa na kuondoka. Aliyefuata naye alikuja na kidole cha pete kimeshanyooshwa.

Inspekta aliweka kalamu chini. "Kwa nini hicho?"

"Kipi?"

"Hicho kidole. Kwa nini si kidole gumba?"

Karani alicheka kwa mara ya kwanza. "Kidole gumba cha hawa hakitoi kitu, afande. Hawa ni watu wa kiwandani. Miaka thelathini wanashika vigae vibichi na chokaa, chokaa imekula mistari yote. Nilipoanza kazi hapa, makao makuu walikuwa wananirudishia rejista nzima, wanasema alama hazisomeki. Nikajaribu kidole kimojakimoja. Cha pete ndicho kilichosalia, kwa sababu walikuwa wanakishikilia juu wakibeba kigae. Mtaa mzima unajua. Wapya nawafundisha siku ya kwanza."

Inspekta alifungua faili. Alipitia fomu ya kwanza, ya kumi, ya arobaini. Vidole gumba, vinene, safi, mistari unaweza kuihesabu. Akaenda kwenye benchi na kibweta cha wino.

"Wazee wangu, samahani. Naomba kidole gumba."

"Nilimwambia mkuu wenu!" Mzee Nyapara aliunguruma. "Akanipa maji!"

Aliweka kidole kwenye karatasi. Likatoka doa la zambarau lisilo na mstari hata mmoja. Wa pili vilevile. Wa tano, aliyekuwa mpika chai wa kiwanda, alitoa mistari miwili mitatu pembeni, na wenzake wakamzomea kwamba hakuwa mfanyakazi wa kweli.

"Basi karani hayumo," Inspekta alisema walipokuwa wakitoka. "Angezighushi yeye, angeweka cha pete bila hata kufikiri. Aliyezijaza fomu hizi hajawahi kukaa kwenye benchi lile hata dakika tano."

"Au ni mjanja," Koplo akasema. "Anataka tuseme hivyohivyo."

"Mjanja angeweka cha pete, na mimi na wewe tusingekuwa hapa."

Lakini barua ilibaki. Sahihi ya Mama Katibu Inspekta alikuwa ameilinganisha na kumbukumbu za vikao vya miaka saba, na haikuwa na doa. Muhuri ulikaa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mmoja. Alipomwuliza Mzee Nyapara habari za Mama Katibu, mzee alitema mate pembeni.

"Katuuza," akasema, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Barua imebandikwa ofisini kwake, na majina yetu chini yake. Nimeiona kwa macho yangu. Tangu siku hiyo hatumsalimii."

*

Ofisi ya baraza ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma, viti vinne na ubao wa matangazo. Mama Katibu alikuwa amekaa wima nyuma ya meza, ubao ukiwa mgongoni kwake. Alikuwa na miaka sabini na minane, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na ufunguo shingoni kwa kamba nyingine. Kabla ya kustaafu alikuwa mwendesha mitambo ya simu wa kiwanda, na watu walisema aliwajua wafanyakazi mia sita kwa sauti zao.

Koplo alitangulia kuingia. "Shikamoo Mama. Tunatoka polisi."

"Marahaba, baba. Karibuni nyote wawili. Inspekta, kaa kiti hicho cha mbele. Msaidizi wako avute kile cha ukutani."

Inspekta alisimama mlangoni na sare yake iliyopigwa pasi, nyota zikiwa mabegani, akamtazama Koplo na maua yake. Miaka ishirini na tatu alikuwa akidhaniwa msaidizi wa kila mwanamume aliyemtangulia mlangoni. Alivuta kiti, akakaa. Barua akaisukuma mezani.

"Mama Katibu, mimi ndiye Inspekta. Sahihi hii ni yako?"

Mama Katibu hakuinama. Aliweka kiganja juu ya karatasi, akakitelezesha taratibu mpaka ukingo wa chini, akakiacha hapo. "Ni ile barua ya kamati?"

"Ndiyo."

"Basi ni yangu. Niliitia sahihi Jumatatu, hapahapa."

"Itazame vizuri."

"Sahihi yangu naijua, mwanangu." Macho yake yalikuwa yameelekea pembeni kidogo ya sikio la Inspekta.

"Na muhuri?"

"Nimegonga mwenyewe. Huu ufunguo hautoki shingoni."

"Kwa hiyo ulikubali dirisha lifungwe."

Vidole vilivyokuwa juu ya karatasi vilijikunja. "Nani kasema lifungwe? Barua inaomba dirisha libaki."

Koplo aliichukua barua, akaisoma kwa sauti, aya ya kwanza na ya pili. Mama Katibu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na Koplo alipomaliza, midomo yake ilikuwa imeachana. Inspekta alimpa muda. Alitaka kuona mtu huyo atakimbilia wapi.

"Soma tena," Mama Katibu akasema.

Koplo akasoma tena.

"Mama," Inspekta akasema, "nakala ya barua hii iko ukutani, nyuma ya kiti chako. Kanuni inataka ibandikwe siku tatu ili mwenye pingamizi aseme. Siku tatu umekaa umeipa mgongo. Hukuiona?"

"Nina mambo mengi."

"Uliisoma kabla ya kutia sahihi?"

"Niliisoma."

"Yote?"

"Yote."

"Ilikuwa na aya ngapi?"

"Tatu," Mama Katibu akajibu papo hapo, kisha akafumba mdomo.

"Hii ina mbili. Nani aliyeileta?"

"Ilikuja tu."

"Kwa miguu yake?" Koplo akauliza.

"Andikeni mnavyotaka." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi nimesema niliisoma."

Inspekta aliuliza tena kwa njia tatu tofauti, na alipata ukuta uleule. Mwishowe alisimama. Walipofika mlangoni, Mama Katibu akasema nyuma yao, "Mwanangu, hilo goti la kushoto lipashe maji moto kila jioni. Unauburuta mguu."

Nje, Koplo alijifuta jasho kwa kola. "Ana hatia, afande. Macho hayatulii, barua hataki kuitazama, na aliyemletea hamtaji."

Inspekta aliafiki. Ilimwuma, kwa sababu alimpenda yule bibi, lakini aliafiki. Kitu kimoja tu kilimkwaruza. Mtu anayedanganya kuhusu barua yake mwenyewe haikosei hesabu ya aya, maana ndicho kitu rahisi kuliko vyote.

*

Ofisi ya Mratibu ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za wazee wanaocheka, wote wakiwa na meno kamili. Msichana wa mapokezi aliwaonyesha viti kwa mkono wa kulia, wa kushoto akiwa ameuweka chini ya meza.

Mratibu mwenyewe aliwapokea kwa mikono miwili. Ilikuwa vigumu kutompenda. Miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka na makabrasha yake kutoka ofisi moja hadi nyingine, na ni yeye aliyefanikisha wazee wapewe viti vya mbele hospitalini. Hilo hakuna aliyeweza kumnyima. Akiongea alibofya kalamu, tiki-tiki, tiki-tiki, bila kujua kama anafanya hivyo.

"Mama Katibu ni mama yangu kabisa," akasema. "Nilisikitika kusikia malalamiko. Lakini nyinyi mnajua wazee wetu."

"Hatuwajui," Inspekta akasema. "Tueleze."

"Wanasahau. Leo anakubali, kesho anakataa. Ukisubiri kila mmoja aelewe sera, utasubiri mpaka wote wamekwisha. Kituo Kikuu kina daktari wa macho, wa mifupa, wa moyo. Hilo dirisha lina nini? Kipima presha na karani."

"Fomu zilikufikiaje?"

"Baraza lilizileta Jumanne, zikiwa zimeshajazwa. Mimi nilipokea tu."

"Kwa nini kidole gumba? Kwenye rejista ya dirisha nimehesabu wazee arobaini wanaoandika majina yao kwa mkono kando ya alama."

Kalamu ilisimama kidogo. "Fomu ni za kawaida. Wazee wengi hawajui kusoma."

"Umewahi kukaa kwenye benchi lile?"

"Nimewapigania miaka kumi na miwili."

"Sijauliza hilo."

Mratibu alitabasamu. "Inspekta, jambo lenyewe ni jepesi. Barua imetiwa sahihi na katibu. Aliisoma mwenyewe, akaielewa, akasaini. Kanuni ya baraza inasema katibu lazima awe mtu anayesoma na kuandika bila msaada, la sivyo anaondolewa. Kanuni hiyo niliiandika mimi. Kaisoma mwenyewe. Nani atasema vingine?" Tiki-tiki. "Na kama mnataka alama za vidole vyangu, chukueni. Maabara yenu itajibu lini?"

"Siku tatu."

"Na kamati inakaa saa tisa," akasema kwa upole, akaitazama saa ya ukutani.

Alitoa vidole vyote kumi bila kunung'unika. Inspekta alikuwa na hakika kwamba alama za kwenye fomu havikuwa vidole vyake. Wakati wa kutoka, Koplo alijifanya anatafuta maji ya kunawa wino, akaingia chooni, akarudi akiwa na macho makubwa.

"Sinki lina madoa ya zambarau, afande. Ya siku nyingi kuliko leo. Na msichana wa mapokezi, hebu mwangalie ukucha wa kidole gumba cha kushoto, una wino uleule."

Msichana alikuwa ameshaondoka kwa chakula cha mchana, saa tano na nusu. Walimngoja zaidi ya saa mbili, hakurudi.

Inspekta alimpigia simu mwenyekiti wa kamati akiwa ngazini, ameegemea ukuta ili goti lipumzike. Mwenyekiti alikuwa mtu wa taratibu, na alieleza kwa taratibu. Fomu ni kiambatisho tu. Ridhaa ya wazee ni barua ya katibu. Polisi wakiwa na shaka na fomu, walete majibu ya maabara, na kamati itayapokea hata baada ya uamuzi. Kuahirisha kikao, hapana. Isipokuwa katibu mwenyewe aje aikane barua kwa mdomo wake.

"Na mpaka hapo dirisha litakuwa limefungwa," Inspekta akasema.

"Litafungwa leo jioni," mwenyekiti akasema. "Karani ameshaandikiwa."

Inspekta alikata simu, akabaki ameshikilia reli. Neno la Mratibu lilikuwa limemkwama kichwani. Alisema kaisoma mwenyewe. Akalisema mara mbili, na hakuna aliyemwuliza.

"Koplo, leo umevaa nini?"

Koplo alijitazama. "Afande, nilisema nitabadili..."

"Umevaa nini?"

"Shati la maua."

"Na mimi?"

"Sare."

"Sasa kwa nini Mama Katibu alikuita wewe Inspekta?"

"Nilitangulia, nikamsalimia. Watu wengi wana hiyo tabia, afande, wewe mwenyewe unajua."

"Najua. Ndiyo maana nikawa mjinga." Alianza kushuka, na safari hii hakulisikiliza goti. "Aliifuata sauti yako. Akajua tuko wawili kwa nyayo. Akajua mguu ninaouburuta ni upi. Barua akaishika badala ya kuitazama. Mratibu aliibandika hiyo nakala pale ukutani, Koplo, akijua kuna mtu mmoja tu katika mtaa mzima ambaye hataiona."

*

Mama Katibu aliwajua kabla hawajabisha hodi. "Ni yule mwenye goti," akasema. "Karibu tena."

Inspekta alimwacha Koplo nje na kufunga mlango. Alitoa karatasi kwenye faili, akaiweka mezani. "Mama, kuna barua nyingine imetoka kwa Mratibu. Naomba uisome uniambie kama unaijua."

Mama Katibu alivaa miwani. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza usoni, akaipa muda unaostahili. "Ni ileile," akasema. "Amebadilisha tarehe tu."

Karatasi ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Inspekta alijisikia vibaya, vibaya sana, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu bila kubisha.

"Mama," akasema polepole, "hii haina maandishi."

Mama Katibu alivua miwani, akaikunja, akaiacha ining'inie tena.

"Ukungu ulianza mwaka juzi," akasema. "Sasa naona mwanga wa mlango, basi. Nyumbani najua hatua zangu, hapa najua hatua zangu. Wenzangu hawajui. Kanuni inasema nitoke. Na mwanangu alishaapa, siku nikishindwa kujisomea bahasha ya dawa, anakuja na gari, anabeba godoro langu, nikaishi chumba cha nyuma kwake. Huko sijui mlango uko wapi, mwanangu. Sijui jirani ni nani. Nitakaa kitandani nisubiri kuitwa kula."

"Mratibu alijua?"

"Aligundua mwenyewe, mwaka jana. Nikamlilia. Akasema siri yako ni yangu, Mama. Kila Jumatatu anakuja kunisomea barua zangu. Mtu mwema hivyo! Ile alinisomea aya tatu. Ya pili ilikuwa nzuri mpaka nikamwambia arudie." Akaishika kamba ya miwani. "Siku tatu hizi nawasalimia watu hawaitikii. Nikadhani wameshajua siwaoni, wananidharau. Kumbe wanadhani nimewauza."

Inspekta alimweleza alichosema mwenyekiti. Hakupamba. Akisema ukweli mbele ya kamati, kiti chake kimekwenda hapohapo, na kabla ya jua kuzama mwanawe atakuwa amesikia. Akinyamaza, dirisha linafungwa leo, na jina lililo chini ya barua ni lake.

"Siwezi kukulazimisha, Mama."

"Huwezi," Mama Katibu akakubali. "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

Alisimama, akapapasa fimbo yake nyuma ya kabati, mahali alipokuwa ameificha. Inspekta hakuwahi kuiona fimbo hiyo.

*

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, na viti vya wageni vimepangwa kando ya ukuta. Mzee Nyapara na wenzake wanne walikuwa wamekaa kando ya dirisha, na hakuna aliyeitikia Mama Katibu alipoingia ameshikilia mkono wa Inspekta. Mratibu alikuwa amewahi. Alipoiona fimbo, kalamu yake ilianza kwenda mbio.

Mwenyekiti alimpitishia katibu barua. "Kwa ajili ya kumbukumbu, tusomee barua yako, kisha utuambie kama unaithibitisha."

Mama Katibu aliigusa barua, akairudisha mezani. "Siwezi kuisoma, Mwenyekiti. Sioni. Mwaka wa pili sasa sioni."

Kwenye viti vya wazee mtu alivuta pumzi kwa nguvu.

"Ila niliyosomewa Jumatatu nipo nayo. Nilikuwa mwendesha simu, ujumbe haunipotei." Akanyoosha mgongo, akaitoa barua ile ya aya tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilisema wazee wa mtaa wanaiheshimu sera mpya na wanakitakia heri Kituo Kikuu. Ilisema mwili wa mzee haupandi magari mawili kwenda kupimwa presha, kwa maana ukifika utakuwa umeshapanda presha yenyewe. Ilisema dirisha libaki. Mjumbe mmoja alicheka kwenye ile ya presha, kisha akajizuia.

"Alikusomea nani?" mwenyekiti akauliza.

"Yumo humu. Simwoni, lakini ni huyo anayebofya kalamu."

Tiki-tiki ilikatika. Watu wote chumbani walikuwa wameshageuka kumtazama Mratibu, na kalamu bado ilikuwa mkononi mwake.

"Nilifanya kwa ajili yao," Mratibu akasema. Hakuna aliyemwuliza kitu. "Miaka sita ya kuandika sera, isimame kwa ajili ya benchi moja? Mngeelewa baadaye. Mngenishukuru!"

"Ungetuuliza," Mzee Nyapara akasema. Alisema taratibu kabisa, na wote walimsikia.

Koplo alikuwa ameshasimama mlangoni. Mwenyekiti aliandika kwamba barua imekanwa, ridhaa haipo, hoja ya kufunga dirisha imeondolewa. Halafu akasita, akafungua kanuni za baraza, akasoma kifungu kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisoma. Kiti cha katibu kilikuwa wazi kuanzia saa hiyo.

"Najua," Mama Katibu akasema. Alivua ufunguo shingoni, akauweka mezani. Haukuchukuliwa na mtu.

Simu yake ililia wakiwa kwenye korido. Alisikiliza mlio mara moja, akajua. "Ni mwanangu," akamwambia Inspekta. "Habari zina mbio kuliko mimi." Akaiacha ilie mpaka ikakata. "Nipeleke dirishani kwanza."

Walipofika, karani alikuwa anafuta kipima presha. Penseli ilikuwa sikioni, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye cheo kimempita hivihivi.

"Tumefunga, Mama. Mpaka kesho."

"Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Kama siku zote."

"Hebu sema tena."

"Saa mbili asubuhi, Mama."

Mama Katibu alilipapasa benchi kwa fimbo, akakaa. Mzee Nyapara, aliyekuwa amewafuata nyuma kwa umbali wa mtu mwenye aibu, alikaa karibu naye, akakohoa. "Shikamoo, Katibu," akasema, ingawa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa miaka mitatu.

"Nimeitikia," Mama Katibu akajibu.

Simu ililia tena. Mara hii aliipokea. Alisikiliza kwa muda mrefu, na kutoka alipokuwa amesimama Inspekta aliisikia sauti ya mwanamume ikipanda, ikishuka, ikitaja gari, ikitaja godoro.

"Ni kweli, mwanangu," Mama Katibu akasema. "Yote uliyosikia ni kweli. Njoo tuongee." Akageuza uso kuelekea mahali dirisha lilipokuwa. "Lakini usije asubuhi. Asubuhi nina foleni."